Mukurweini, Nchi ya Mipaka ya Kale

Mtu atokaye mjini Nyeri kwenda kusini, akiuacha Mlima Kenya nyuma ya bega lake la kushoto na milima ya Nyandarua upande wa kulia, hana budi kushuka mabonde na kupanda vilima mara nyingi kabla hajafika Mukurweini. Kila bonde lina mto wake, na kila mgongo wa kilima una mashamba yake, yaliyokatwa matuta tangu juu mpaka chini. Kahawa, ndizi, mahindi na majani ya ng'ombe vimeijaza nchi. Mgeni akitazama hayo hudhani kwamba nchi hii imelimwa hivi tangu zamani za kale, na kwamba watu wake hawakupata kuwa na jirani ila Wakikuyu wenzao.

Wazee wasemavyo ni vingine, na udongo wenyewe husema vingine. Kabla ya kahawa palikuwa na mtama na wimbi. Kabla ya mtama palikuwa na msitu. Na ndani ya msitu walikuwamo watu. Kwa muda wa karne nyingi nchi hii ya kusini ya Nyeri ilikuwa mpakani, yaani mahali ambapo mkulima, mwindaji na mfugaji walikutana, wakagombana, wakauziana vitu na kuoana. Habari za nchi ya namna hiyo zafaa kujulikana na kila mwenye shamba, kwa sababu katika Kenya swali la nani alitangulia kufika halikuwa swali la wanachuoni peke yao. Limepata kuamua nani apewe ardhi na nani anyimwe.

Jina la Mukurweini latokana na mti. Mukurwe ni mti mkubwa wa msituni, wenye matawi yaliyotandaa juu kama mwavuli, na neno zima maana yake ni mahali penye mukurwe, kama vile watu wa pwani wasemavyo Mwembeni au Mkunguni. Lakini kwa Wakikuyu mti huu si mti tu. Mukurwe wa Nyagathanga, mahali palipo ng'ambo ya kusini katika Murang'a, ndipo masimulizi yasemapo kwamba Gikuyu na Mumbi walijenga nyumba yao ya kwanza na kuzaa mabinti ambao koo zote hujiita kwa majina yao. Basi mtu wa Mukurweini aishi karibu sana na chimbuko la kabila lake, na huku yuko kwenye njia waliyoifuata wale waliotoka chimbukoni kwenda kutafuta nchi mpya.

Hebu tazama jinsi nchi ilivyokaa. Vilima vya huku hutelemka kutoka Nyandarua, upande wa machweo, kuelekea Mto Sagana, upande wa macheo. Wakikuyu hukiita kilima cha namna hii rugongo, neno ambalo msemaji wa Kiswahili hulifahamu mara moja. Mito kama Gura hukimbia kati ya vilima kwa nguvu nyingi, na maji yao huishia Sagana, ambao ndio mwanzo wa Mto Tana. Zamani njia za watu zilipita juu ya migongo ya vilima, na mabonde yalikuwa ndiyo mipaka. Jamaa moja, au mbari moja, ilikaa juu ya mgongo wake, ikivuka mto kwa gogo lililolazwa, na gogo hilo likiondolewa, urafiki ulikuwa umekatika.

Mipaka mikubwa ilikuwa mitatu. Wa kwanza ulikuwa kati ya Wakikuyu wenyewe, kwa maana nchi yao iligawanyika sehemu tatu: Gaki, ambayo ndiyo Nyeri, Metumi, ambayo ndiyo Murang'a, na Kabete, ambayo ni Kiambu. Mukurweini iko mahali ambapo Gaki na Metumi zakutana. Mpaka wa pili ulikuwa ukingo wa msitu, juu kuelekea Nyandarua, ambako wawindaji walikaa. Wa tatu ulikuwa upande wa kaskazini, ambako vilima huisha na uwanda wa majani huanza kuelekea Laikipia. Huko walikuwako Wamasai na ng'ombe wao. Upande wa mashariki, ng'ambo ya Sagana, walikaa Wandia, walio ndugu zao na wenye lugha moja nao.

Kuhusu watu wa msituni, masimulizi ya Wakikuyu yataja makundi mawili. Kundi la kwanza ni Gumba. Yasemwa walikuwa watu wafupi wa kimo, wenye kuwinda na kutundika mizinga, na kwamba waliishi katika mashimo waliyoyachimba ardhini na kuyaezeka kwa matawi na udongo. Baadhi ya wazee husimulia kwamba Wakikuyu walijifunza kwao ufundi wa kufua chuma. Jomo Kenyatta aliwataja katika kitabu chake cha mwaka 1938. Mwisho wao husimuliwa kwa namna ya ajabu: kwamba waliingia katika shimo, wakaenda zao chini ya ardhi, wasionekane tena. Kundi la pili ni Athi, wawindaji waliofika baadaye kidogo, ambao wengine huwaita Wadorobo. Hao hawakutoweka kwa ajabu yoyote. Walifanya mapatano na wakulima, wakaoana nao, na wajukuu wao wamo katika koo za Wakikuyu hata leo.

Wapo watu waliosoma ambao huzicheka hadithi za Gumba, na kuziweka pamoja na hadithi za mazimwi. Lakini mashimo yenyewe yapo. Katika sehemu nyingi za nchi ya Wakikuyu, na hata ndani ya msitu wa Nyandarua, yako mabonde madogo ya mviringo ardhini, ambayo wenyeji huyaonyesha na kusema: hapa walikaa Gumba. Watu wa Embu na wa Meru nao wanazo habari za watu waliotangulia, wenye mashimo yao. Hadithi inayosimuliwa na watu wengi, walio mbali mbali, na tena yenye alama zake ardhini, haifai kutupwa kabla haijachunguzwa.

Na uchunguzi ulifanywa. Katika Mathira, upande wa Karatina, pako mahali paitwapo Gatung'ang'a. Mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Finland, Ari Siiriäinen, alipachimba, na mwaka 1971 akatangaza habari zake akiwa na nia ya kulitatua hilo swali la Gumba. Alikuta vigae vya vyungu vya watu wa Zama za Chuma. Baadhi ya vigae hivyo vyaonekana kuwa na udugu na vyungu vya Kwale, karibu na Mombasa, ambako Robert Soper alikuwa amechimba miaka michache kabla yake na kugundua makao ya watu wafuao chuma walioishi yapata miaka 1,700 iliyopita. Gatung'ang'a si pa kale kiasi hicho, lakini ni pa kale vya kutosha: watu waliishi pale yapata miaka 700 hadi 900 iliyopita.

Msomaji aweza kuuliza, wataalamu wamejuaje miaka hiyo, hali vigae havina maandishi? Njia yao ni hii. Kila mti ulio hai huvuta kutoka hewani kitu kiitwacho kaboni, na sehemu ndogo ya kaboni hiyo ni ya namna ambayo hupungua kidogo kidogo. Mti ukisha katwa hauvuti tena. Kaboni ile huendelea kupungua kwa kipimo kinachojulikana, hata baada ya miaka 5,730 hubaki nusu yake. Basi mtaalamu akipata makaa ya moto uliowashwa zamani, kando ya chungu kilichovunjika, hupima kaboni iliyobaki na kuhesabu tangu lini kuni zile zilikatwa. Mmarekani Willard Libby na wenzake ndio walioitengeneza njia hiyo, baada ya vita vya pili vya dunia. Kwa hiyo kipande cha makaa, ambacho mtu mwingine angekipiga teke, chaweza kuwa shahidi bora kuliko hadithi kumi.

Kuhusu mashimo yenyewe, wataalamu wamejifunza kuwa na subira. Huko Nakuru, kwenye kilima kiitwacho Hyrax Hill, Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, akakuta mashimo mengi ambayo watu waliyaita nyumba za Wasirikwa. Baadaye J. E. G. Sutton alionyesha kwamba mashimo ya namna ile yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na kwamba nyumba za watu zilijengwa ubavuni mwake. Fundisho lake ni kwamba shimo moja si kama shimo lingine. Katika vilima vya Nyeri shimo laweza kuwa la nyumba, au la zizi, au mtego wa mnyama mkubwa, au mahali palipochimbwa udongo wa vyungu. Yaliyomo ndani yake ndiyo yatakayosema, kama hayakuvurugwa.

Sasa tuje kwa Wakikuyu wenyewe. Mwanahistoria Godfrey Muriuki, wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alizunguka kwa wazee akikusanya masimulizi, na kitabu chake juu ya historia ya Wakikuyu tangu mwaka 1500 hadi 1900 kilitolewa mwaka 1974. Wazee hawakuwa na kalenda ya ukutani, lakini walikuwa na kalenda ya watu. Vijana waliotahiriwa wakati mmoja walipewa jina, na mara nyingi jina hilo lilitokana na jambo kubwa la wakati ule. Waliotahiriwa wakati wa ndui, kwa mfano, waliitwa Mutung'u, maana yake ndui. Juu ya marika hayo palikuwa na vizazi vilivyopokezana utawala, majina ya Maina na Mwangi yakifuatana kama usiku na mchana. Mtu akiyahesabu majina hayo kurudi nyuma, na kuyalinganisha na mambo ambayo miaka yake yajulikana, hupata mlolongo wa wakati.

Kwa hesabu hiyo, mababu wa Wakikuyu walikuja kutoka upande wa Meru, wakipita kando ya Mlima Kenya. Walikaa kwanza Ithanga, karibu na makutano ya Mito ya Thika na Sagana, kisha wakafika Mukurwe wa Nyagathanga yapata karne ya 17. Kutoka pale wengine walikwenda kaskazini, wakivuka vilima vya Mukurweini kuingia Nyeri, ambayo waliijaza katika karne ya 18. Wengine walikwenda kusini, wakafika Kabete katika karne ya 19.

Hapa ndipo msomaji afaapo kusimama na kufikiri. Kama Wakikuyu waliijaza Nyeri katika karne ya 18, na kama vyungu vya Gatung'ang'a vilipikiwa yapata miaka 400 au zaidi kabla ya hapo, basi nchi haikuwa tupu. Palikuwa na watu waliojua kufinyanga, na walioishi katika Zama za Chuma, kabla mtu yeyote hajaondoka Mukurwe wa Nyagathanga kwenda kaskazini. Watu hao hawakupotea wote kama moshi. Yaelekea sana kwamba wengi wao walimezwa na koo za waliokuja, kama mto mdogo umezwavyo na Sagana, usipoteze maji yake ila jina lake tu. Aliyekuja na aliyekutwa wamekuwa babu wa mtu mmoja.

Mpaka wa msitu haukusimama mahali pamoja. Ulikuwa mpaka wa shoka. Kila mwaka vijana wa mbari walipanda juu kidogo, wakafyeka, wakachoma na kupanda, na msitu ukarudi nyuma. Katika Murang'a na Nyeri, aliyekuwa wa kwanza kuufyeka msitu, au aliyekuwa wa kwanza kuweka mitego yake ndani yake, ndiye aliyehesabiwa kuwa mwenyewe. Katika Kabete, watu wengi walinunua nchi kwa Athi, wakilipa mbuzi. Lakini haikuwezekana kumwuzia nchi mgeni. Kwa hiyo mnunuzi na mwuzaji walifanya kwanza sherehe ya kufanywa ndugu, ndipo mbuzi wakahesabiwa. Hivyo ununuzi wenyewe uliondoa mpaka uliokuwa kati yao.

Shamba likisha kupatikana, mipaka yake iliwekwa mbele ya wazee na kupandwa miti na maua ya itoka, yungiyungi la porini ambalo kiazi chake hukaa ardhini miaka mingi hata majani yake yakikauka. Kuling'oa itoka usiku lilikuwa kosa kubwa, na aliyelitenda alilaaniwa. Yafaa kukumbukwa kwamba watu walioheshimu mpaka wa shamba kiasi hicho hawakuweka ua wowote kati ya kabila na kabila.

Katika mpaka wa kaskazini hali ilikuwa ya namna mbili kwa wakati mmoja. Vijana wa Kikuyu na wa Kimasai walinyang'anyana ng'ombe, na jina la kijana halikusikika mpaka amerudi na mifugo ya watu. Lakini vita hivyo havikufunga soko. Wanawake wa Kikuyu, wakiongozwa na watu waliojua lugha zote mbili na walioitwa hinga, walikwenda mpaka kwenye maboma ya Wamasai wakiwa wamebeba unga, tumbaku na vibuyu, wakarudi na ngozi na mifugo. Hakuna aliyewagusa, hata wakati waume zao walipokuwa wakipigana. Mfugaji hakuweza kuishi kwa maziwa peke yake mvua ilipokosa, na mkulima hakuweza kuoa wala kutoa sadaka bila mifugo. Mikuki na sime pia zilivuka mpaka huo, maana wahunzi wa Kikuyu walikuwa mafundi hodari. Walipata chuma kwa kuosha mchanga mweusi wenye madini, kama walivyoeleza W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine, walioishi katika nchi ya Wakikuyu mwanzoni mwa karne ya 20 na kuandika kitabu mwaka 1910.

Kuchanganyika huko kuliingia hata katika mambo ya ibada na tohara. Wakikuyu walikuwa na taratibu mbili za sherehe, moja iliyoitwa ya Gikuyu na nyingine ya Ukabi, yaani ya Kimasai. Kila jamaa ilifuata yake, na zote walikuwa Wakikuyu. Kisha zilikuja taabu za mwisho wa karne ya 19. Wamasai wa Laikipia walivunjwa na Wamasai wenzao katika vita vya miaka ya 1870. Baada ya hapo sotoka iliua ng'ombe, ndui iliua watu, na mwaka 1898 na 1899 njaa kuu ilizimaliza familia nyingi. Katika miaka hiyo watu walivuka mpaka kwa kutafuta chakula na hifadhi. Wamasai wengi walipokewa na Wakikuyu. Watoto wao walilelewa, wakapewa majina, wakapewa mashamba. Mtu wa Nyeri leo akichunguza vizuri majina ya bibi zake, hatashangaa akimkuta Mmasai mmoja au wawili.

Ndipo wakaja Waingereza na mipaka ya namna nyingine. Ngome ya Murang'a, walioiita Fort Hall kwa jina la Francis Hall aliyefariki mwaka 1901, iliwekwa mwaka 1900. Kituo cha Nyeri kikafuata mwishoni mwa mwaka 1902, baada ya mapigano ya Tetu. Tangu siku hizo mpaka wa Gaki na Metumi, ambao zamani watu waliuvuka kwenda sokoni, ukawa mstari juu ya karatasi, kila upande na bwana wake wa wilaya. Mstari huo haukufutika. Tangu mwaka 2013 ndio utenganao kaunti ya Nyeri na kaunti ya Murang'a.

Jambo kubwa zaidi lilitokea mwaka 1932, serikali ilipoteua Tume ya Ardhi ya Kenya, chini ya Sir Morris Carter, kuyasikiliza malalamiko ya watu walionyang'anywa nchi. Mbele ya tume hiyo habari za kale ziligeuka kuwa ushahidi wa mahakama. Nani aliifyeka nchi hii? Nani aliinunua, na kwa mbuzi wangapi? Je, Athi walikuwa na haki ya kuuza? Taarifa ya tume ilitolewa mwaka 1934, pamoja na vitabu vitatu vikubwa vya ushahidi. Wazee walisimama na kusema waliyoyakumbuka, na kwa kuwa hawakuwa na karatasi, maneno yao yalipimwa na watu ambao hawakuijua lugha yao. Tume ilikubali baadhi ya madai na kukataa mengine, na mashamba makubwa ya walowezi yakabaki mikononi mwa walowezi. Hakuna mfano ulio wazi kuliko huo wa hasara ya kutohifadhi habari za kale. Mtu asiye na kumbukumbu yake huandikiwa na mwingine.

Hasara nyingine iliipata ardhi yenyewe. Katika miaka ya hali ya hatari, tangu 1952 hadi 1960, watu wa Nyeri walihamishwa na kukusanywa katika vijiji. Vipande vya mashamba vilivyotawanyika viliunganishwa, mipaka ya zamani ikafutwa, matuta yakakatwa, na hati za ardhi zikaandikwa. Matuta yaliuokoa udongo usichukuliwe na maji, na kahawa ilileta fedha. Lakini mistari mingi ya itoka iling'olewa siku hizo, na shimo la kale lililokuwa katikati ya shamba jipya lilionekana kuwa kero tu, likafukiwa.

Wageni huenda Gedi, karibu na Malindi, kuutazama mji wa Waswahili ulioachwa katika karne ya 17, ambao James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948. Kuta zake za mawe ya matumbawe zingali zimesimama. Mbali zaidi, huko Amerika ya Kati, watu wa Maya walichonga habari zao juu ya mawe marefu. Katika mpaka wa nchi yao, mahali palipo leo Honduras na Guatemala, msomaji wa mawe hayo hujua kwamba mwaka 738 mtawala wa mji mdogo wa Quiriguá alimkamata mtawala wa Copán na kumwua. Wapanda mtama wa Mukurweini hawakujenga kwa mawe. Nyumba zao zilikuwa za miti na majani, na nyumba ikichakaa iliachwa ioze. Kwa hiyo historia yao imebaki katika vitu vinavyovunjika upesi: kigae, makaa, mavi ya chuma, shimo lililojaa majani, na maneno ya mzee. Vyote hivyo vyaweza kupotea katika alasiri moja, wala hakuna atakayejua kwamba vilikuwapo.

Basi mkulima wa leo afanye nini? Hatakiwi kuacha kulima. Shimo la mche wa kahawa huchimbwa futi mbili kwenda chini, na mara nyingi kina hicho chatosha kuufikia moto wa kale. Akikuta vigae vingi mahali pamoja, au mavi ya chuma mazito kama jiwe, au jiwe jeusi ling'aalo kama chupa, na apumzishe jembe kidogo. Jiwe hilo jeusi hasa si la kudharauliwa, kwa maana chimbuko lake kubwa liko katika Bonde la Ufa, pande za Naivasha na Eburru. Likionekana upande huu wa Nyandarua, yaelekea mtu alilibeba akavuka nalo milima. Asivitoe vitu hivyo na kuvipanga dirishani, kwa sababu kigae kilichotolewa mahali pake ni kama ukurasa uliochanwa kitabuni. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 yamtaka aliyevumbua kitu cha kale aiarifu Makumbusho ya Taifa. Tena hana haja ya kwenda mpaka Nairobi, kwa kuwa Nyeri yenyewe ina makumbusho yake huko Ruring'u, katika jengo lililokuwa zamani mahakama ya wenyeji.

Naye karani, au mwalimu, au kijana yeyote mwenye kalamu, ana kazi yake. Aende kwa mzee wa mbari yake, amwulize babu zake walitoka mgongo gani wa kilima, walivuka mto gani, walimkuta nani, na bibi zao walitoka kwa watu gani. Aandike majibu pamoja na jina la mahali na tarehe aliyoyasikia. Asiyapambe, wala asiyafiche yale yasiyoipendeza jamaa yake. Iwapo mzee atasema kwamba babu mmoja alikuwa Mwathi, au Mmasai aliyeokotwa wakati wa njaa, hiyo si aibu. Ndiyo habari yenyewe ya nchi ya mpakani.

Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mkulima wa Mukurweini huinama kila siku, jembe mkononi. Kilichobaki ni kwamba atazame anachokipiga.